Je, hariri ninayoshona ilivutwa na mikono ya nani?

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi wa nguo za harusi, na kwa miaka minane nimeshona hariri bila kujiuliza inatoka wapi. Mwezi uliopita mteja aliniuliza kama ni kweli kwamba viwavi huchemshwa wakiwa hai na kwamba watoto hutumbukiza mikono katika maji ya moto ili kuvuta uzi. Sikuwa na jibu. Muuzaji wangu ananiambia nisiwe na shaka kwa sababu hariri yake ni ghali na ina alama ya ubora. Mwingine ananishauri ninunue "hariri ya amani", ambayo haiui mdudu. Nani anasema kweli? Je, niache kushona hariri? Na jambo la mwisho: msaidizi wangu hukohoa na kuwashwa mikono kila tunapofungua hariri mbichi ambayo haijaoshwa. Je, kuna uhusiano wowote?*

Marahaba, na nakushukuru kwa kuuliza badala ya kumjibu mteja wako kwa kubahatisha. Unataka kujua kama kazi yako imejengwa juu ya mateso, ya mdudu au ya mtu, na kama kuna njia ya kuendelea nayo kwa dhamiri safi. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu wauzaji wako wawili wamekupa majibu ya maswali ambayo hukuyauliza. Anayetaja hariri ya amani anazungumzia mdudu peke yake, na anayetaja bei na alama ya ubora anazungumzia kitambaa peke yake. Hakuna hata mmoja aliyekuambia habari za mtu aliyeuvuta uzi, na mimi, baada ya miaka mingi ya kukagua nyuzi na viwanda vya nguo, naona hapo ndipo palipo kiini cha jambo.

Kabla hatujafika huko, hakikisha kwamba unachoshona ni hariri. Madukani neno hili hutumika kwa kitambaa chochote kinachong'aa na kuteleza, na satini huuzwa kwa jina hilo kila siku. Satini ni namna ya kufuma, wala si malighafi: uzi hupita juu ya nyuzi nyingine kadhaa kabla ya kuzama, na ndiyo maana uso wa kitambaa hung'aa. Inaweza kufumwa kwa hariri, lakini satini nyingi iliyoko sokoni ni poliesta. Chambua nyuzi chache pembeni mwa kitambaa, uzishike kwa kibano juu ya bakuli la maji, kisha uziwashe. Hariri huungua polepole na kunuka kama nywele, kwa kuwa zote mbili ni protini, na majivu yake husagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Kitambaa cha mchanganyiko kinaweza kukudanganya katika jaribio hili, kwa hiyo ukinunua kwa majora, peleka kipande kwenye maabara ya nguo kikaangaliwe kwa darubini.

Hariri ya kweli inayotumika kwa magauni ya harusi kwa kawaida hutokana na kiwavi wa nondo ambaye wanasayansi humwita Bombyx mori, anayelishwa majani ya mforsadi. Binadamu amemfuga kwa maelfu ya miaka, hata nondo aliyekomaa hawezi tena kuruka vizuri wala kula, naye huishi siku chache tu za kupandana na kutaga. Kiwavi hutoka kwenye yai akiwa na urefu wa milimita chache, hula usiku na mchana kwa karibu wiki 4, hujivua ngozi mara 4, na uzito wake huongezeka takriban mara 10,000. Juma la mwisho ndilo huwachosha wafugaji kupita kiasi. Sehemu kubwa kabisa ya majani anayokula maishani mwake huyala katika siku hizo, na ukisimama mlangoni mwa chumba cha ufugaji utasikia sauti kama ya mvua nyepesi inayoangukia majani, nayo ni sauti ya kutafuna. Familia hukata na kubeba majani alfajiri, mchana na usiku, wakilala kwa zamu, na ugonjwa mmoja ukiingia chumbani humo unaweza kuteketeza kazi yote ya mwezi.

Akishiba, kiwavi huinua kichwa na kuanza kujijengea kifukofuko. Tezi mbili mwilini mwake hutoa protini iliyo majimaji, ambayo huwa uzi mgumu inapovutwa kupitia tundu dogo karibu na mdomo, naye huchezesha kichwa kwa umbo la namba 8, tena na tena, kwa siku 2 hadi 3. Kwa kweli uzi huo ni nyuzi mbili za protini iitwayo fibroini, zilizoshikanishwa na gundi iitwayo serisini, na gundi hiyo peke yake ni karibu robo ya uzito wote. Katika kifukofuko kimoja mvutaji hodari hupata uzi usiokatika wa mita 600 hadi 900, na wakati mwingine zaidi ya 1,000. Urefu huo ndio unaoipa hariri mng'ao na uimara wake, na urefu huohuo ndio unaomuua mdudu. Kiwavi akishajifungia hugeuka bundo, hatua ambayo vitabu vya shule huiita pupa, na baada ya wiki 2 hivi angetoka akiwa nondo kwa kutema majimaji yanayolainisha gundi na kusukuma tundu upande mmoja. Kifukofuko chenye tundu hakivutiki tena kuwa uzi mmoja mrefu. Kwa hiyo bundo huuawa kabla ya siku hiyo.

Mteja wako anasema viwavi "huchemshwa wakiwa hai". Maneno hayo si sahihi kwa sehemu kubwa ya uzalishaji wa leo, kwa sababu vifukofuko hupitishwa kwanza katika hewa ya moto au mvuke, au huanikwa kwenye jua kali, na bundo hufia hapo. Maji ya moto huja baadaye, kwa ajili ya kulainisha gundi. Lakini usimsahihishe mteja kwa namna itakayomfanya adhani hakuna kifo. Kipo, na ni kingi. Kilo moja ya uzi mbichi huhitaji vifukofuko vipatavyo 5,000, na gauni lenye mita 6 za kitambaa kizito kidogo hukaribia kilo hiyo. Kama mdudu huyo anahisi maumivu tunavyoyahisi sisi, wanasayansi bado wanajadiliana, na mtu anayeona kwamba hawezi kuvaa nguo iliyogharimu uhai huo ana haki yake. Mwambie hesabu hii bila kuipunguza, kisha umwachie uamuzi.

Sasa twende kwenye beseni, kwa maana swali lako la pili liko humo. Katika karakana ndogo zinazovuta uzi kwa mkono au kwa mashine sahili, vifukofuko hutiwa katika maji yaliyo karibu na kuchemka. Mvutaji huvigeuza, huvisugua kwa brashi, na kuziokota kwa vidole ncha za nyuzi zinazoelea, nyembamba kama utando wa buibui. Huunganisha nyuzi za vifukofuko 5 hadi 10, kutegemea unene unaotakiwa, huzipitisha katika kitundu kimoja, na gundi inayopoa huzishikanisha ziwe uzi mmoja unaozungushwa kwenye gurudumu. Uzi wa kifukofuko kimoja ukiisha au ukikatika, sharti aingize mwingine papo hapo, la sivyo uzi wote utakuwa mwembamba mahali pale na mnunuzi ataukataa. Kazi hiyo haiwezekani ukiwa umevaa glavu nene, kwa kuwa ncha za vidole ndizo zinazoona. Baada ya saa chache ngozi hugeuka nyeupe na kukunjamana, kisha hupasuka, na maji yaliyojaa protini za mabundo waliopikwa, yenye harufu ambayo mtu haisahau, huingia ndani ya mipasuko hiyo. Nimeshikana mikono na wavutaji wazoefu ambao nyama ya vidole vyao ilikuwa mbichi kana kwamba imekwanguliwa. Ongeza moshi wa tanuri, unyevu usiokauka na kusimama kutwa, nawe utakuwa umeiona karakana.

Je, ni kweli kwamba watoto wamefanya kazi hiyo? Ndiyo. Mwaka 2003 shirika la Human Rights Watch lilichapisha uchunguzi wake kuhusu watoto waliofungwa na deni katika sekta ya hariri ya India, kuanzia uvutaji na usokotaji wa uzi katika jimbo la Karnataka hadi ufumaji katika majimbo ya Uttar Pradesh na Tamil Nadu. Wengine hudai kwamba watoto hutumiwa kwa sababu vidole vyao vidogo hufanya kazi nyororo zaidi. Usilikubali dai hilo hata kidogo. Uzi wa daraja la juu kabisa duniani huvutwa na mashine za kisasa zinazohudumiwa na watu wazima, wakati uzi wa karakana zinazotumia watoto mara nyingi ni wa daraja la chini. Mtoto huwekwa pale kwa sababu ujira wake ni mdogo na hawezi kuondoka.

Kwa nini hawezi kuondoka? Hapa ndipo ninapokuomba usome polepole. Mzazi anauguza, au anaozesha binti, au mavuno yamekataa, naye hana benki inayomjua. Mwenye karakana humpa fedha za kutanguliza, na mtoto hupelekwa kufanya kazi mpaka deni liishe. Kila juma sehemu ya ujira hukatwa, siku aliyougua hailipwi, uzi uliokatika hutozwa, sikukuu ikija mzazi hukopa tena kidogo, na daftari la hesabu linakaa kwa mkopeshaji. Ujira umepangwa chini kiasi kwamba deni halishuki. Karakana nyingine ikitaka kumchukua mfanyakazi huyo ni lazima ilipe deni lake kwanza, kwa hiyo anahama pamoja nalo. Hapahitajiki mnyororo wala kufuli. Wafumaji wazima nao huishi hivyo hivyo: anayewapa uzi ndiye anayewakopesha, ndiye anayenunua kitambaa, na ndiye anayepanga bei.

Sheria zipo. India ilipiga marufuku utumwa wa deni mwaka 1976, ikaweka sheria ya ajira ya watoto mwaka 1986, na mwaka 2016 ikaikaza kwa kukataza kazi zote kwa walio chini ya miaka 14, isipokuwa kusaidia katika shughuli za familia nje ya saa za shule, na wale wanaoajiriwa kama wasanii katika burudani. Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1999 na kuridhiwa na nchi zote wanachama ifikapo mwaka 2020, unautaja utumwa wa deni miongoni mwa aina mbaya zaidi za ajira ya watoto. Lakini angalia ule mwanya wa shughuli za familia. Kitanda cha kufumia kilichomo ndani ya nyumba, mlango umefungwa, hakuna mkaguzi anayejua kama mtoto aliyeketi pale ni wa mwenye nyumba au ameletwa kwa deni.

Usidhani pia kwamba haya ni ya nchi moja. China na India kwa pamoja huzalisha zaidi ya asilimia 90 ya hariri ya dunia, na kila mahali pana sura yake. Viwanda vingi vya China hutumia mashine zinazovuta uzi zenyewe, ambapo vifukofuko hupikwa katika chombo kilichofungwa na mfanyakazi hagusi maji yanayochemka. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mikono, ingawa kelele na unyevu hubaki. Hata hivyo vyama huru vya wafanyakazi haviruhusiwi huko, hivyo ripoti ya mkaguzi inayosema wafanyakazi hawana malalamiko ni ya kusomwa kwa uangalifu. Nchini Uzbekistan, kwa miaka mingi viongozi wa serikali za mitaa waliwagawia wakulima masanduku ya mayai ya nondo pamoja na kiwango cha vifukofuko walichotakiwa kuleta, na mkulima aliyekataa alihofia kupoteza shamba alilokodishiwa. Historia nayo ina mengi ya kutuonyesha. Wafumaji wa hariri wa mji wa Lyon nchini Ufaransa waliasi mwaka 1831 wakidai bei ya chini kabisa ya kazi yao, na mwaka 1886 wanawake waliokuwa wakivuta uzi katika mji wa Kofu nchini Japani waligoma dhidi ya saa ndefu na ujira uliopunguzwa. Naikumbuka migomo hiyo kila ninaposikia mtu akisema kwamba wafanyakazi wa hariri wamezoea.

Sasa turudi kwa muuzaji wako wa kwanza. Bei ghali haithibitishi ujira mzuri. Kati ya mfugaji na wewe kuna mnunuzi wa vifukofuko, mvutaji, msokotaji, mtia rangi, mfumaji, dalali mmoja au wawili, msafirishaji na mwenye duka, na pengo kubwa la bei hutokea mwishoni mwa mnyororo, mbali na beseni. Kuhusu alama, muulize ni alama gani. Silk Mark ya India, iliyoanzishwa mwaka 2004 chini ya Bodi Kuu ya Hariri ya nchi hiyo, inathibitisha kwamba kitambaa ni hariri halisi, basi. Haisemi lolote kuhusu aliyeifuma. OEKO-TEX STANDARD 100 hupima kama kitambaa kina kemikali zenye madhara kwa anayekivaa, nayo ni alama njema kwa ngozi ya bibi harusi, lakini haipimi mikono ya mvutaji. GOTS, yaani kiwango cha kimataifa cha nguo za kilimo hai, inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa pamoja na kudai malighafi ya kilimo hai ina masharti ya kazi yanayokaguliwa viwandani, yakiwemo kukataza ajira ya watoto na kazi ya kulazimishwa. Hariri yenye cheti hicho ni kidogo sokoni, na ukaguzi wa siku chache kwa mwaka hauoni kila kitu, lakini kati ya hizo tatu ni hiyo tu inayogusa swali lako. Usimlaumu muuzaji kwamba amekudanganya. Huenda yeye mwenyewe anaamini alama moja inathibitisha mambo yote.

Hariri ya amani inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu inauzwa kwa huruma ya watu, na huruma ni kitu cha kuheshimiwa. Wazo lake ni kwamba nondo huachwa atoke, kisha kifukofuko kilichotobolewa hupikwa na nyuzi zake fupi husokotwa kama pamba. Kitambaa chake hung'aa kidogo tu na huwa na vinundu, na wengi hukipenda hivyo. Lakini fanya hesabu pamoja nami. Katika vifukofuko 5,000 vya gauni moja, nusu ni majike. Kila jike hutaga mayai 300 hadi 500. Hayo ni mayai yapatayo milioni 1, na hakuna mashamba ya mforsadi ya kuwalisha watakaoanguliwa. Huachwa wafe njaa au mayai huharibiwa. Zaidi ya hayo, wazalishaji makini wa mayai humponda nondo jike baada ya kutaga ili kumwangalia kwa darubini kama ana vijidudu vya ugonjwa wa pebrini, njia ambayo Louis Pasteur aliibuni nchini Ufaransa katika miaka ya 1860. Kifo hakijaondolewa katika kazi hii, kimehamishwa tu.

Ipo hariri ya namna nyingine, eri, inayofugwa hasa katika jimbo la Assam na majirani zake kaskazini-mashariki mwa India, na kiwavi wake hula majani ya mbarika. Kifukofuko cha eri kina mwanya tangu mwanzo, hivyo uzi wake husokotwa hata kama nondo ametoka, na ndiyo maana huuzwa kama hariri isiyoua. Lakini wafugaji wa huko huwala mabundo. Kwao ni kitoweo kinachopendwa, na mara nyingi uzi ndio unaofuata nyuma ya chakula. Siwalaumu hata kidogo. Ninachosema ni kwamba jina la amani lisikuzuie kuuliza, na kwamba katika maelezo yote ya hariri ya amani niliyowahi kupewa na wauzaji, nilielezwa kwa urefu hatima ya nondo, na mara chache mno ujira wa msokotaji.

Je, uache hariri? Ukiniuliza mimi, nitakuambia usiiache kwa pupa. Ufugaji wa viwavi unafaa mashamba madogo, huleta fedha mara kadhaa kwa mwaka, na sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na wanawake nyumbani kwao. Wanunuzi wakikimbia wote kwa pamoja, wa kwanza kuumia ni mfugaji, wala si yule mwenye daftari la madeni. Tena vitambaa mbadala navyo vina watu nyuma yake. Viskosi, ambayo wengi huiita hariri bandia, hutengenezwa kwa kemikali iitwayo kaboni disalfaidi, na katika viwanda visivyodhibiti hewa yake kemikali hiyo imewaharibu wafanyakazi neva na akili. Poliesta hutokana na mafuta ya petroli. Layoseli, inayotokana na mbao, ina mchakato unaokusanya na kurudia kutumia karibu kiyeyushi chote, na kwa gauni linaloteleza na kuanguka vizuri ningempendekezea mteja asiyetaka hariri kabla ya hizo nyingine mbili. Lakini ikiwa mteja anataka hariri nawe unataka kuishona, basi badilisha namna ya kununua.

Muulize muuzaji wako maswali machache, kwa maandishi. Uzi huu ulivutwa katika mji gani, na kwa mashine ya namna gani? Kama ni mashine inayojiendesha, ile hatari ya mikono katika maji ya moto imepungua sana. Kitambaa kilifumwa kiwandani, katika chama cha ushirika, au majumbani? Wafumaji wanalipwa kwa mita au kwa mwezi, na je, wamepewa fedha za kutanguliza? Hili la mwisho ndilo swali langu la siku zote, na huwashangaza wauzaji, kwa maana wamezoea kuulizwa umri wa wafanyakazi, na umri hufichwa kirahisi kuliko deni. Asiyejua anaweza kwenda kuuliza na kukurudia. Anayekasirika amekujibu. Wewe fundi mmoja huwezi kumsukuma mwenye kiwanda, lakini mafundi kumi wanaonunua majora pamoja kutoka kwa mwingizaji mmoja wanaweza kudai jina la kiwanda, na kwa jina hilo cheti kinaweza kuhakikiwa kwenye orodha ya shirika lililokitoa.

Ukifikia hatua ya kuagiza kwa wingi moja kwa moja kutoka kiwandani, usitegemee barua wala picha. Tafuta mkaguzi wa masuala ya kazi anayejua lugha ya wafanyakazi, aende bila kutangaza siku, aongee nao nje ya kiwanda, na aombe kuona daftari la mikopo pamoja na la mishahara. Gharama hiyo ni halali kuiingiza katika bei ya kitambaa. Na ikiwa wewe au mtu unayemjua atakutana uso kwa uso na mtoto aliyezuiliwa kwa sababu ya deni, msijaribu kumkomboa kwa kulilipa, kwa kuwa mwenye karakana hupata fedha za kumleta mwingine. Pelekeni taarifa kwa mamlaka ya kazi au shirika la kuwalinda watoto lililoko hapohapo.

Nimeliacha la msaidizi wako mwisho, nalo ndilo ninalotaka ulishughulikie leo. Ndiyo, huenda kuna uhusiano. Hariri mbichi, hasa ile ya vipande na mabaki, bado ina gundi yake, vumbi la vifukofuko na mara nyingine magamba ya nondo, na vitu hivyo vinajulikana kusababisha mzio na pumu kwa wanaofuga viwavi, wanaovuta uzi na wanaosokota. Hariri iliyooshwa gundi husumbua kwa nadra, ingawa rangi na dawa za kumalizia kitambaa nazo zinaweza kuwasha ngozi, kwa hiyo usihukumu kabla ya daktari. Kuanzia sasa asiikung'ute hariri hiyo ndani. Ifunguliwe mahali penye hewa, ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa, na avae barakoa inayozuia vumbi, si kitambaa cha kufunga usoni. Bora zaidi, nunua iliyokwisha kuoshwa.

Kisha mpeleke kwa daktari ana kwa ana, usimtibu kwa dawa ya kikohozi. Amweleze daktari anafanya kazi na nini, kikohozi huanza saa ngapi, na kama hupungua siku za mapumziko, maana hiyo ndiyo dalili kubwa kwamba chanzo ni kazi. Akitoa sauti ya filimbi kifuani, akibanwa na pumzi usiku, au mikono ikipasuka na kutoa majimaji, asingoje wiki iishe. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo au uso vikivimba, hiyo ni dharura ya hospitali saa ileile. Na umwambie mapema, kabla hajaenda, kwamba siku ya hospitali italipwa na kwamba nafasi yake ya kazi iko palepale hata kama daktari atamkataza kugusa hariri mbichi, kwa sababu huenda amekuwa akificha kikohozi hicho kwa kuhofia jibu lako.